Soda Baridi kwenye Siku ya Familia

Haya nayasema mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia. Likizo hii niliapa kwamba watoto hawatashinda ndani tena. Jumapili, tukiwa kwenye bajaji pale Ng'ambo, nikaona bango kwenye lango la bustani moja: SIKU YA FAMILIA, KARIBUNI NYOTE. Nikamwambia dereva asimame.

Ndani kulikuwa na pilau, muziki na mashindano ya kukimbia na magunia. Karibu watu wazima wote walivaa kitenge cha aina moja.

"Baba Zawadi, mbona hawa wamevaa sare?" mke wangu akanong'ona.

"Si ndio wahudumu," nikamjibu, mimi mjuaji.

Basi nikawatumikisha. Mama mmoja nilimwambia awaongezee watoto nyama. Mzee mmoja nilimpa shikamoo yake, kisha nikamtuma soda. Akaleta. Haikuwa baridi, nikamrudisha nayo. Mke wangu akasema tuondoke. Nikakataa katakata, maana zamu yangu ya gunia ilikuwa bado.

Nilikimbia, nikashinda, nikashangiliwa. Nikiwa bado ndani ya gunia, muziki ukazimwa.

"Ukoo wetu umekua, hatujuani tena," ikasema sauti kwenye kipaza sauti. "Kila mmoja atasimama na watoto wake aseme ni mjukuu wa nani."

Nikageuka. Aliyekuwa akizungumza ni yule mzee wangu wa soda.

"Tuanze na bingwa wetu wa gunia," akasema taratibu. "Mwanangu, soda yako imeshapata baridi. Sasa tuambie, wewe ni wa nani?"