Nilivyoikagua Landrova ya Mzee Salehe

Jamani, mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize, na habari hii watu wa Katandala wanaijua kuliko mimi mwenyewe, tena wengine wameitia chumvi mpaka haifai, kwa hiyo leo naisimulia mimi mwenye aibu yangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sukari ya kugawiwa, sabuni ya kugawiwa, na sisi tulikuwa tunakaa Matai. Mume wangu Bakari alikuwa ananunua dagaa Kasanga na kuwapandisha Sumbawanga kwa malori ya watu. Mwanetu wa mwisho, Tatu, alikuwa na pumu, na baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita mnaijua, haina huruma. Msimu uliotangulia kifua kilimbana, tukakaa barabarani tangu usiku tukingoja lori lolote linaloelekea mjini kwenye hospitali, midomo ya mtoto inabadilika rangi, mimi namwambia "pumua mama, pumua," mpaka kulipokucha ndipo tukapata wa kutubeba. Tatu alipona. Mimi sikupona, kila akikohoa nilikuwa nashtuka kama nimemwagiwa maji. Ndipo Bakari akasema tununue gari, hata kama ni kuukuu, mradi tukiliambia twende liende.

Basi tukasikia Mzee Salehe, mwenye duka pale Katandala, Sumbawanga mjini, anauza Landrova yake ya kubebea familia, ina vioo pande zote na viti vya nyuma vya kutazamana. Bakari alikuwa amekwama Kasanga anangoja mzigo, akaniletea salamu kwamba niende na mdogo wangu Hamisi, dereva wa lori, tuikague, tukiridhika yeye atakuja kumalizana na mzee. Na jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo, maana kuna mteja mwingine alikuwa anatoka Mpanda. Nikamwacha Tatu kwa bibi yake, nikajifunga kibwebwe, tukaenda.

Tulipofika tulikuta gari linaunguruma uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni. Hilo hapo, kama jipya!"

(Hebu fikirini, petroli siku hizo ilitafutwa kama dawa, halafu mtu anaacha gari linaunguruma na wageni hawajafika, na mimi mwerevu wenu sikujiuliza kwa nini, nilisema moyoni mzee huyu ni mkarimu.) Nikapiga tairi teke, sijui hata kwa nini, niliwahi kuona wanaume wakifanya hivyo. Nikafungua milango, nikaifunga, nikanusa viti.

"Dada, linasikika vizuri," Hamisi akasema.

"Hata redio inasikika vizuri," nikamjibu. "Mimi nataka kuliona likiwa na mzigo."

Uani kulikuwa na mchanga wa kujengea, na stoo ya mzee ilikuwa na magunia matupu ya sukari. Nikaamuru tujaze mchanga kwenye magunia tupakie nyuma mpaka springi zilalamike, mzee mwenyewe akatushikia midomo ya magunia, na muda wote huo gari linaunguruma tu. Tukaondoka. Likapanda mwinuko bila kunung'unika, mimi nimekaa mbele nashukuru Mungu, tukafika pale tambarare mbele ya duka la ushirika, ndipo nikafanya kosa langu.

"Hamisi, zima."

"Hapa? Si tungelizimia kule kwa mwenyewe?"

"Zima nimesema. Siku Tatu akibanwa hatutakuwa na muda wa kubembeleza gari. Nataka nione likiwaka."

Akazima. Akawasha, likasema "ka." Akawasha tena, "ka." Akatafuta hendeli ya kuzungushia mbele, hendeli haimo. Akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni, akaniambia kwa sauti ya kukata tamaa, "Dada, tafuta maji." Nikachukua ndoo iliyokuwa nyuma ya kiti nikazunguka kwenye nyumba za nyuma ya duka, na mama mwenye nyumba naye akanichelewesha, mpaka ateke, mpaka aulize wa nyumbani hawajambo, na mimi roho juu, nawaza tukilikosa hili tutapata wapi jingine kabla ya baridi.

Nilipotoka na ndoo yangu kichwani nikakutana na mkia wa foleni. Sasa ninyi wa siku hizi hamtanielewa, lakini enzi zile ukiona foleni huulizi, unaingia kwanza, maswali baadaye. Miguu yangu ikaingia yenyewe. Nikamuuliza wa mbele wanatoa nini.

"Sukari. Imekuja na gari sasa hivi."

Sukari! Mfungo umebaki siku chache uanze na nyumbani tunakunywa uji wa chumvi! Nawaambieni gari likanitoka kichwani, Hamisi akanitoka kichwani, na kwa kuwa sikuwa na chombo kingine cha kutilia sukari, nikainamisha ndoo na maji yote nikayamwaga chini. Akaja mama mmoja akajipenyeza mbele yangu, nikamvuta kanga. "Mama, panga foleni! Mimi nimetoka Matai!" Nilipiga kelele hizo kwa haki kabisa, na watu wakaniunga mkono.

Foleni ikasogea, tukakunja kona, nikaona gari. (Naapa, wazo la kwanza lilikuwa kwamba linafanana na letu.) Hamisi ameegemea mlango wa nyuma amenyoosha mikono, jasho linamtiririka, anasema si sukari, si sukari, na hakuna anayemwamini, maana maandishi ya magunia yanasomeka kwenye kioo. Meneja wa duka yupo, mgambo na rungu lake yupo. Wakamsogeza, wakashusha gunia, wakalifungua, mchanga ukamwagika mbele ya wote.

"Mzigo wa nani huu?" mgambo akauliza.

Hamisi akanyoosha kidole. "Wa dada yangu. Yule pale mwenye ndoo."

Foleni nzima ikageuka. Yule mama niliyemvuta kanga ndiye aliyeanza. "Ala! Mwenye mzigo kumbe tumepanga naye foleni!" Wengine wakacheka, wengi wakatukana.

"Mchanga kwenye magunia ya sukari," mgambo akasema, "wewe ni mlanguzi. Twende ukaeleze kituoni."

"Nilikuwa nakagua gari!"

"Kwa ndoo?"

Nikalia. Sikulia kwa aibu, ile ilikuja baadaye; nililia kwa kumwona Tatu peke yake na bibi yake asiyeweza hata kumbeba, mimi nimefungiwa kwa ajili ya mchanga. Bahati watu walishamkimbilia Mzee Salehe, akaja anahema, kofia mkononi, akaeleza kwamba magunia ni yake, mchanga ni wake, huyu mama ni mteja. Mgambo akalegea, akasema basi liondoeni gari hapa. Ndipo mzee, kwa hasira, akamgeukia Hamisi.

"Sasa nani kakwambia uzime? Hili likishapata moto halizimwi! Likizimwa ndiyo mpaka jioni lipoe!"

Akaziba mdomo, lakini tulishasikia sote. Machozi yangu yakakauka.

"Kwa hiyo mwanangu akibanwa kifua, mzee, tumwambie aache kupumua mpaka jioni?"

Akavaa kofia yake, akaenda kushika nyuma ya gari. Watu wa foleni wakalisukuma gari mpaka uani kwake, na mimi nikasukuma, ndoo kichwani.

Bakari aliporudi nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akasema dagaa watauzwa hata akikaa Sumbawanga, tukapanga vyumba viwili Katandala, karibu na hospitali, katikati ya watu wale wale wasiojua kusahau, ambao mpaka leo wananiita Mama Foleni. Tangu siku hiyo siingii kwenye foleni mpaka nitembee nikaone mwanzo wake, hata wagawe dhahabu.

Baridi ilipoingia kifua cha Tatu kikabana asubuhi moja. Nikambeba mgongoni, mbio, mpaka hospitali, nikakuta foleni imetoka nje ya mlango. Nikasimama mwisho, mtoto anakoroma shingoni kwangu. Mtu mmoja akageuka, akaniona, akapaza sauti.

"Mpisheni Mama Foleni apite, ana mgonjwa!"

Wakacheka, wakajibana ukutani, nikapita na mwanangu.