Babu wa Kuazima

Nilizisikia sentensi zangu kabla sijamwona aliyekuwa akizisoma. Nilikuwa nyuma ya nyumba, namwagilia kitalu cha miche ya tumbaku, na sauti ikapenya kwenye dirisha la sebule, taratibu, ikisimama kila baada ya maneno machache kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Babu yangu alishushwa... kwenye lori... porini. Alikuwa na jembe, panga, na gunia la mahindi."

Niliyaandika hayo kwa Kiingereza. Sasa yalikuwa yanasomwa kwa Kiswahili, ndani ya nyumba yetu, Ulyankulu, na aliyekuwa akisomewa hakuweza kuwa mwingine ila baba yangu. Maji yaliendelea kumwagika mahali pamoja mpaka miche ikalala.

Msomaji alikuwa mwalimu wangu wa historia, mstaafu anayeishi Tabora mjini, ambaye mwaka ule alitusaidia vijana kadhaa kuomba nafasi katika vyuo vya nje. Vyuo vya kwetu huangalia matokeo ya mtihani, basi. Vya nje vilitaka na insha: eleza unatoka wapi, na kwa nini chuo chetu ndicho kinachokufaa. Mwalimu alikuwa na dawa moja kwa wagonjwa wote.

"Nyie ni watu wa Tabora," alituambia. "Njia ya misafara imepita mlangoni kwenu. Mpeni babu mzigo, mtembezeni mpaka pwani."

Tukawatembeza. Mwaka ule mababu wa mkoa mzima walibeba pembe za ndovu, wa Igalula, wa Bukene, wa Isikizya. Sidhani kama alibaki hata mmoja wa kulima. Na mimi, ambaye babu yangu alikuja kutoka Burundi akikimbia kuuawa, nikaazima babu mpagazi, nikamtwisha pembe.

Baba aliipenda mno insha ile. Yeye ni katekista wa kigango chetu, na kila Jumamosi huwafundisha watoto amri ya kutosema uongo, lakini nilipomsimulia alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwongezee na ngoma mbele ya msafara," alisema. "Babu yako wa kweli, kwenda kanisani tu, alilalamikia magoti njia nzima."

Kisha nikasoma zaidi habari za chuo chenyewe. Kilikuwa kidogo, kiko milimani, na wanafunzi wake hulima na kukamua ng'ombe asubuhi kabla ya darasa. Wametoka nchi nyingi, wanakula pamoja, na jioni ya kwanza kila mgeni husimama akaeleza kwao. Wenzangu walikiona chuo cha adhabu. Mimi nilikitaka kuliko vyote. Babu wa kuazima angenivusha mlangoni, sawa, lakini baada ya hapo ningelazimika kuishi naye miaka minne, kumlea, kukumbuka nilichosema juu yake jana, kujibu maswali ya watu juu yake mezani.

Nikaandika insha nyingine kwa siku mbili, nikamtumia mwalimu. Baba sikumwambia. Fomu ilihitaji saini ya mzazi, na nilikuwa nimepanga aisaini akidhani insha ni ile ya pembe. Mwalimu hakukubali kumsainisha mtu asichokijua. Ndiyo maana alikuwa amepanda pikipiki yake kutoka mjini, bila kuniarifu.

Niliingia kwa mlango wa uani, mikono inadondosha maji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakuniangalia.

Baba alikuwa amevua kofia na kuiweka magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini. "Malizia, mwalimu," alisema.

"Imebaki aya moja, mzee."

"Malizia."

Aya ile ilikuwa na jina la kilima alikozaliwa babu, kule Burundi, ambako kilima ndicho kijiji. Nilitamani ulimi wa mwalimu ukwame. Haukukwama. Alilisoma jina vizuri kabisa, akakunja karatasi, akatazama saa. Maombi yalikuwa yanafungwa siku ile ile. Kwetu mtandao ulikuwa wa kuombewa novena ya siku tisa ndipo ushike, na ilimlazimu kurudi mjini kuyatuma kabla mvua haijaharibu barabara. Upande wa Urambo radi ilikuwa imeanza kunguruma.

"Nani kakutuma?" baba aliniuliza.

"Hakuna, baba. Wameuliza natoka wapi."

"Unatoka Ulyankulu, mkoa wa Tabora, Tanzania. Imetosha kwenye cheti changu cha uraia, haitoshi kwao? Na yule babu mwingine ana ubaya gani? Anabeba, anatembea, hamsumbui mtu."

"Wataniuliza habari zake."

"Utawajibu. Si unajua kutunga?"

"Miaka minne, baba?"

"Mimi nimejibu miaka mingapi?"

Mwalimu alikohoa. "Mzee, kosa ni langu. Hizo pembe nimewagawia mimi."

"Wewe mwenyewe, mwalimu, babu yako alikuwa mpagazi?"

"Babu yangu alikuwa fundi viatu, pale pale mjini. Hata Igalula hakuwahi kufika."

Kicheko kilimfika baba midomoni kikarudi. Alinigeukia. "Mama," akasema, ndivyo anavyoniita akiwa mpole, na ndivyo anavyoniita hasira inapompita kimo. "Unaijua karatasi wewe? Nilipokuwa kijana, kutoka hapa kwenda Tabora kumwona mgonjwa ilikuwa lazima, ukiwa mkimbizi, uombe kibali. Ukifika kizuizini anakisoma mtu ambaye hajui hata kama umekula. Anakisoma, anakutazama, anakisoma tena. Sasa wewe hujasimamishwa na askari, unakaa unaandika mwenyewe, unawapelekea."

Nilikuwa nimejiandaa kutetea chuo, mashamba yake, maktaba yake, na vyote vikanitoka kichwani. Nikasema nilichobaki nacho.

"Nikienda na yule, baba, wetu nitakuwa nimemwacha pale pale porini alikoshushwa."

Mwalimu alitazama saa tena, akaificha chini ya mkono wa shati kwa aibu. Kisha baba akaniuliza, kwa Kirundi, kama nina hakika.

Mwalimu aliinua uso. Kirundi chetu ni cha ndani. Mtu akibisha hodi tunakikatiza katikati ya neno na kuendelea kwa Kiswahili, na maishani mwangu nilikuwa sijamsikia baba akikisema mbele ya mgeni. Nilijibu kwa lugha ile ile kwamba ninayo.

"Kilima kitoke," akasema, kwa Kiswahili sasa. "Jina lake lisiende. Kule tumeacha ndugu, na jirani zao ni wale wale waliomfukuza babu yako."

Nilichukua kalamu ya mwalimu nikalikata jina. Baba akainama kutazama. "Bado linasomeka." Nikalikata tena mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo akaivuta fomu, akaisaini bila kuvaa miwani, akaisukuma mbali kwa ncha za vidole.

Mwalimu alizitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mara mbili na kuuweka kifuani, ndani ya koti. "Mzee, nashukuru."

"Usinishukuru. Kimbia, mvua hiyo."

Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Niliinuka nimfikishe kwenye pikipiki, lakini baba alinyoosha kiganja, nikaketi. Matone ya kwanza yaligonga bati. Baba mwenyewe alimfuata mwalimu hatua tatu tu, hadi kizingitini, akangoja avuke, kisha akaufunga mlango nyuma yake, mchana kweupe, kama mtu ambaye sasa anajulikana anakotoka, na kusukuma komeo.