Niliwashitaki Mwari

Nianze na la aibu kabisa, nisije nikalizungukia: niliwahi kusimama kwenye mkutano wa kijiji nikawashitaki ndege. Mwari, wale weupe wenye mfuko chini ya mdomo. Nikasema ndio waliomaliza perege kwenye bwawa letu. Watu wakaniamini, maana nilifika kidato cha pili kabla ada haijanishinda, na kwetu huko upande wa Kongwa mtu wa kidato cha pili akiongea mikono ikipepea, anasikilizwa.

Kesho yake tukatoka na madebe, mimi mbele, tunayagonga kufukuza ndege. Wakaenda. Perege hawakurudi.

Aliyeumia zaidi ni mtani wangu. Si mtani wa maneno tu. Kabila lake na langu tunataniana tangu mababu, hata msibani kwetu anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na huruhusiwi kununa. Alikuwa mvuvi. Wanawe walikula, walivaa na kusoma kwa wavu ule ule.

Miaka ile biashara ilikuwa imeshafunguliwa, malori ya Dar yanafika mpaka shambani kununua nyanya. Nami nikataka redio kama wenzangu. Sasa pale korongo linapoingiza maji bwawani kulikuwa na matete mengi. Wazee walikataza kuyang'oa. Ukate ya kuezekea tu, mizizi uiache. Udongo wake mweusi, una unyevu hata kiangazi. Nikayang'oa yote, nikapanda nyanya. Mtani akaja akasimama ukingoni.

"Mtani, hapo ndipo samaki wanapolea watoto. Na hayo matete ndiyo yanayoshika tope."

"Samaki wanazaa majini, we mjinga. Mimi nalima nchi kavu."

Tulicheka wote wawili, mimi zaidi.

Nyanya zilikubali, redio ikaingia nyumbani. Mvua za mwaka uliofuata zikaja kwa hasira, zikakuta vilima vimeshanyolewa kwa ajili ya mkaa na huku chini matete hayapo. Udongo ukapita shambani kwangu kama mgeni aliyeachiwa mlango wazi, ukaingia bwawani. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Wavu wa mtani ukaanza kutoka mtupu. Hapo ndipo nikawashitaki mwari.

Ndege walipokwisha kuondoka, mtani akaniita.

"Vua viatu, twende."

Tukaingia pale ambapo zamani maji yalinifika kifuani. Yaliishia magotini, na miguu ikazama kwenye tope laini kama uji. Akavuta wavu. Akatoka perege mmoja mdogo kama kidole, pamoja na miti yangu ya kuegemezea nyanya, bado ina kamba za katani, na fundo langu lile lile baya.

Nikasubiri matusi. Ni haki yake. Yeye akachomoa miti akawa ananikabidhi mmoja mmoja.

"Siku hizi unavua nyanya, mtani?" nikajaribu.

Hakucheka. Mtani akiacha kukutania, ujue umeharibu kweli.

Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia ni mimi, si ndege. Nikang'oa nyanya mpya zikiwa na maua, nikarudishia matete. Yaliota, ila polepole, na wana wa mtani hawakuwa wa kula matete. Kabla ya mvua nyingine mtani akakunja wavu wake aende Mtera, kwa shemeji yake, akavue huko.

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Nikamwomba msamaha, safari hii bila mzaha. Akapanda juu ya magunia, akakaa vizuri.

"Mtani," akasema, "ukifa nipe taarifa, nitakuja. Nitasimama juu ya kaburi lako niwaambie watu: huyu hapa alimaliza samaki wa bwawa zima bila hata kulowana."