Fundi Friji na Kanuni Zake za Kutongoza

Mdogo wangu ni fundi friji, na kwa friji sitamsema vibaya. Anaweka sikio mlangoni, anasikiliza, anakwambia tatizo liko wapi kabla hajashika bisibisi. Kwa wanawake, jamani, ni domo zege wa kutupwa. Akisalimiwa na mwanamke anajibu huku anatazama viatu vyake mwenyewe. Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyekaa chini akaandika kanuni za kutongoza. Kanuni! Zenye vifungu! Siku aliponiambia nilicheka mpaka nikaunguza kola ya shati la mteja.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko sebuleni, ubavuni mwa meza ya chakula, na kila Jumapili alasiri meza hiyo inatekwa na mdogo wangu na wenzake wanaocheza mchezo wao. Hakuna ubao wala karata. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake: huyu shujaa, huyu mganga, huyu mwizi. Unasema unachotaka kufanya, na jambo likiwa na shaka unarusha dadu mbili. Zikitoka namba kubwa umefaulu, zikitoka ndogo umeumbuka. Wengine wote waliomo kwenye hadithi, sauti yao ni msimulizi. Mfalme ni yeye, mlinda lango ni yeye, na mama mwenye nyumba ya wageni ni yeye pia. Msimulizi ni mdogo wangu, na shida ilianzia hapo.

Maana mwenye bucha, anayekaa mkabala naye na tumbo lake, hajapata kuingia nyumba ya wageni akaagiza chakula kama watu. "Namtongoza," anasema, na dadu hizo zinaruka. Namba zikiwa kubwa, mdogo wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, inabidi abane sauti aseme, "Oo, shujaa, karibu ndani." Miaka nenda rudi, ndugu yangu wa tumbo moja anatongozwa na muuza nyama mbele ya macho yangu. Na mwalimu wa udereva, mchezaji wao wa tatu, anacheka hadi anakohoa.

"Nimechoka, dada," aliniambia siku moja tukiosha vikombe. "Nitaweka kanuni. Asiwe anampata mtu kwa kurusha mara moja tu."

"Si umwambie tu aache?"

"Haiwezekani. Hakuna kanuni inayomkataza."

Mnaona mtu niliyelelewa naye?

Basi akaandika. Mapenzi yakawa na ngazi tano: kutambuana, kuzoeana, kupendezwa, kupenda, na ya juu kabisa akaiita kufa na kuoza. Kila ngazi unairushia dadu. Ukileta zawadi, ongeza moja. Ukimsifu, ongeza moja; ukimsifu mbele ya mama yake, mbili. Umetoka vitani hujaoga, punguza mbili. Mvua ikinyesha nawe una mwavuli, ongeza tatu.

Mwavuli! Mimi nimeolewa nikaachika, na yule bwana alikuwa na mwavuli, zawadi na sifa, vyote kwa pamoja. Kwa hesabu za mdogo wangu ningekuwa bado niko kwake, nimekufa na nimeoza. Mtu wa kuulizwa alikuwa palepale sebuleni anakunja pindo, na hakuniuliza hata siku moja. Alimuuliza nani? Mwalimu wa udereva, ambaye mkewe akitaka kumwambia neno hulipitisha kwa watoto.

Halafu akaja muuza dawa. Friji ya duka lao, ile ya kuhifadhia chanjo, iligoma, akaitwa mdogo wangu. Alipofungua mkoba wa vifaa, dadu zikadondoka katikati ya spana, na dada wa watu akauliza za nini. Nasikia alieleza muda wote wa matengenezo. Alieleza! Yule ambaye mimi nikimuuliza anataka kula nini napandishiwa mabega! Jumapili iliyofuata dada huyo akagonga mlango wetu, kashika penseli yake mwenyewe.

Alisomewa zile ngazi tano, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na anayetongozwa je? Yeye anarusha nini?"

Mdogo wangu akapekua karatasi. "Harushi."

"Kwa hiyo yupo tu kama kitasa, anasubiri kufunguliwa?"

Mwenye bucha alipaliwa na chai. Mimi nilimpenda mwanamke yule papo hapo, sina la kuficha.

Tangu siku hiyo akawa anakuja mapema, kabla ya wenzake, wanakaa wawili mezani kurekebisha kanuni. Wakaweka kwamba anayetongozwa naye anarusha, mwenzake akishafaulu. Wakaweka kwamba anaweza kukataa bila kurusha chochote, na akishakataa hasumbuliwi tena. Hiyo ya pili ilitoka kwa muuza dawa, na mwenye bucha alinuna kwa sababu yake. Wakibishana nilikuwa nasikia sauti ya mdogo wangu ikipanda, ikishuka, ikicheka. Nilikuwa sijaisikia ikicheka hivyo tangu tukiwa wadogo. Akiondoka muuza dawa, ndugu yangu anabaki kukitazama kile kiti. Kumwambia je? Thubutu!

Siku moja katikati ya wiki muuza dawa alikuja kwangu kupimwa sketi. Nikiwa nimezungusha futi kiunoni mwake, akaniambia mwajiri wake anafungua duka jingine, mji wa mbali, na anamtaka akalisimamie. Jibu linatakiwa Jumatatu.

"Utaenda?"

"Mdogo wako akisema nibaki, siendi. Nimesubiri aseme, dada. Nimesubiri sana."

"Utaota mvi."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Basi nitamwambia mimi. Mchezoni. Pale ndipo anapoongea."

Jumapili ikafika. Nilijifanya nashona, na sikushona kitu. Mhusika wa muuza dawa alikuwa mkuu wa walinzi wa mji, mwanamke wa upanga. Mle kwenye hadithi kulikuwa na mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao, mpole, mtu wa vitabu, asiyejua kumtazama mtu usoni. Sauti yake ni mdogo wangu. Hata mbu angejua yule ni nani.

Muuza dawa akaweka penseli chini. "Namwendea mwana wa mfalme," alisema. "Namwambia hivi. Nimepewa kazi mji wa mbali. Kesho natakiwa kujibu. Sitaki kwenda. Ukisema neno moja, nabaki."

Mwenye bucha, mwenye bucha yule, akaacha kutafuna. Mwalimu wa udereva akawa anatazama dari. Wote walielewa! Mdogo wangu masikio yalimwiva, na mimi moyoni nasema, sema basi, mwana wa mama yangu, sema.

"Rusha dadu," akasema.

"Lazima?"

"Ndiyo kanuni."

Akarusha. Mbili na moja.

"Kuna mvua!" mwenye bucha akadakia. "Sema kuna mvua! Mkuu wa walinzi ana mwavuli, nimeuona mimi!" Mungu ambariki mtu yule, tangu siku hiyo nanunua nyama kwake bila kukagua mizani.

Mdogo wangu akapitisha kidole kwenye jedwali lake, mstari kwa mstari, kama anatafuta waya uliokatika. "Hakuna mvua," akasema. "Mwana wa mfalme anakataa."

Muuza dawa alimtazama kidogo. "Sawa," alisema. "Nimekuelewa." Akacheza mpaka mwisho, akavaa viatu, akaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Na mdogo wangu, sikilizeni, aliingia jikoni uso unang'aa. "Umeona, dada? Ningeweza kumpendelea. Nilitaka sana kumpendelea. Sikumpendelea!"

Nilishika sufuria, na nashukuru ilikuwa nzito mno kurusha. Nikamwambia kila kitu: duka, mji wa mbali, Jumatatu, sketi. Nikamwambia, "Aliyeulizwa ni wewe, zuzu! Si dadu!" Akakaa kwenye ndoo.

"Mliandika wenyewe kwamba mtu anaweza kukataa bila dadu," nikasema.

"Kukataa, ndiyo," akasema. "Kukubali bila dadu hatukuandika."

Asubuhi nikamsukuma aende dukani kwa muuza dawa. Akarudi na dawa za maumivu ya kichwa. "Umemwambia?" "Kulikuwa na watu nyuma yangu." Nilimwita majina ambayo mama yetu hajapata kuyasikia. Jioni muuza dawa akajibu ndiyo kwa mwajiri wake, na angemjibu nini?

Siku ya kuhama nilimkamata ndugu yangu mkono, nikampeleka hadi chumbani kwa muuza dawa. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, mapazia yameshuka, maboksi mlangoni. Nilikwenda kwa hasira, lakini siku hiyo nilimhurumia pia ndugu yangu. Alikuwa amenyoa, amejikata kidevuni, na shati alilovaa nilimshonea mimi.

Muuza dawa alisimama katikati ya chumba, utepe wa gundi mkononi. Hakutuuliza tumefuata nini. Alinipita mimi kwa macho, akamtazama yeye.

"Nitakuuliza mara moja tu," akamwambia. "Hakuna mkuu wa walinzi hapa, hakuna mwana wa mfalme. Gari linakuja saa hizi, na bado naweza kulirudisha. Unataka nibaki?"

Nikaona midomo ya mdogo wangu inasogea. Nawaapia niliona neno limefika, liko pale nyuma ya meno. Anampenda mwanamke yule, anampenda hadi chakula hakimpiti kooni, sisi sote tunajua. Alikuwa anawaza, na ninamjua anavyowaza: anawaza kuhusu kazi nzuri aliyopewa mwenzake, mshahara, haki ya mtu kuamua mambo yake, nani apunguze na nani aongeze.

"Inategemea," akasema.

Muuza dawa akatikisa kichwa taratibu. Hakulia, wala hakumtukana. Nilitamani angemtukana, maana mimi matusi yalikuwa yameniishia. Aligeuka akavuta boksi la vyombo, akavuta utepe, ukakatika vibaya, akaanza upya.

Nikashika mkasi nikamsaidia kufunga yaliyobaki. Gari lilipofika, mdogo wangu ndiye aliyeyabeba maboksi, moja moja, akayapanga vizuri ili vikombe visivunjike njiani.