Kibuyu Nilichokiosha

Jumamosi iliyopita, nilipofungua mlango wa ukumbi tunaokutania, harufu ya uji mchachu wa mawele ilinipokea kabla ya salamu. Nilisimama hapo hapo na mkoba begani. Machozi yalinilenga, mtu mzima mimi.

Sisi ni kikundi kidogo cha wapenda historia ya vyakula hapa Machakos mjini. Kila mwezi mmoja wetu huleta chakula cha kwao na kueleza kilivyopikwa zamani. Tumeonja muthokoi wa kila namna, na tumebishana jinsi ya kukoboa mahindi yake hadi watu wakanuniana. Zamu yangu ni mwezi ujao. Ninachotamani kuleta ni uji wa Susu, nyanya yangu mzaa baba, na hicho ndicho nisichoweza, kwa sababu niliuangamiza mwenyewe nikiwa na miaka minane.

Susu aliishi upande wa Wamunyu. Uji wake aliutia kwenye kibuyu kirefu kilichoning'inia jikoni, kwenye moshi, na kibuyu hicho hakikuoshwa kamwe. Alipomimina aliacha masalia kidogo chini, akaongeza uji mpya uliopoa, na kesho yake ulikuwa umechacha. Chachu hiyo alikuja nayo alipoolewa, kutoka kwa mama yake. Ukinywa, ulimi ulisisimka kwanza, kisha utamu wa mawele ukaja polepole, na moshi ukabaki kooni. Sijaonja tena kitu kama kile.

Mwaka huo tulikuwa tumefundishwa usafi shuleni, nami nilikwenda likizo kwa Susu nikijiona afisa wa afya. Alipokwenda kisimani, nilikishusha kibuyu, nikatia kokoto, sabuni ya unga na maji moto, nikatikisa mpaka mikono ikaniuma. Nilisuuza mara tatu. Kisha nikakianika juani na kukaa kando yake, nikisubiri kusifiwa.

Susu alitua mtungi, akakiinua kibuyu na kukinusa. Akakaa chini.

"Ni nani ameosha hii?"

"Ni mimi, Susu. Ilikuwa na uchafu huko ndani. Mwalimu alisema uchafu iko na viini."

Alinifuta povu lililokauka kwenye kiwiko. "Umefanya kazi mingi," akasema. "Enda uniletee kuni."

Jioni hiyo tulikunywa chai. Kwa kuwa hakunikemea, niliamini nimetenda jambo jema. Baada ya siku chache uji ulirudi kibuyuni, lakini ulikuwa mkali, hauna ule utamu. Nilipomwuliza, alisema ni mawele ya mwaka huo. Nilikuwa mkubwa tayari, na yeye hayupo tena, nilipoelewa nilichokimwaga.

Uji wa Jumamosi uliletwa na Mwaitu Mutindi, bibi mzee aliyekuwa jirani wa Susu. Nilikunywa vikombe viwili nikitumaini. Ulikuwa ule mkali. Ndipo nikamsimulia habari ya kokoto na sabuni, nikidhani atacheka. Aliweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe? Susu wako alikuja kwetu kuomba chachu. Alituambia eti ni yeye alisahau kibuyu kwa jua, uji ikaoza. Tulimcheka sana. Chachu ya mamake, na ameiacha ikufe hivyo tu. Hata kwa harusi za watu tulikuwa tunamtania. Yeye ananyamaza tu."

"Hakunitaja?"

"Hata siku moja."

Miaka yote hii nilidhani ni mimi niliyepotelewa na kitu, nikaulilia uji kana kwamba ulikuwa wangu. Susu alipoteza zaidi, na kicheko akakibeba pia, ili mtoto aliyejisifu kwa usafi asionekane mjinga. Sasa siutamani tena uji. Namtamani Susu, siku moja tu, kwenye harusi mojawapo, wanawake wale wakiwa wamemzunguka wanamcheka, nami nimshike mkono niseme ni mimi.