Dada Yangu na Daftari la Adhabu

Siku tuliyomzika dada yangu, wasifu wake niliuandika mimi na kuusoma mimi. Nilitaja mwaka aliozaliwa, nikasema alifundisha hesabu miaka ishirini na mbili katika shule moja, akalea watoto wawili peke yake baada ya kufiwa na mume, na alipopita miaka hamsini akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili. Watu walitikisa vichwa, wakasema amina. Yote yalikuwa kweli. Lakini jambo alilolifanya huko chuoni, ambalo kwangu ni kubwa kuliko hayo yote, nililiruka. Naliandika sasa, Mungu anisamehe kuchelewa.

Wanafunzi walimwita Kimya, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza akiingia darasani. Hakulipaza. Alisimama mlangoni, akalitamka, na watoto hamsini na tano wakawa kama wamemwagiwa maji. Wazazi walimpenda kwa hilo. Hata nyumbani, maana tulikaa pamoja, yeye, mimi na mume wangu, mume wangu alikuwa akipigiwa simu anamtupia jicho kwanza, ndipo anaamua atoe sauti kiasi gani.

Alipopata nafasi ya kusomea ufundishaji wa watoto wenye vipawa, yaani wale ambao akili zao hutangulia darasa, mume wangu alimtania wiki nzima.

"Shemeji, wenye akili wanajifundisha wenyewe. Ungekwenda kusomea sisi vichwa maji."

"Wewe shemeji hakuna chuo kinachokuweza," alimjibu, wala hakuinua macho kwenye sahani.

Masomo yalikuwa Ijumaa mchana na Jumamosi kutwa. Mhadhiri wake alikuwa binti wa rika la mtoto wake wa kwanza. Yule alimwita dada "Mama", dada akamwita yule "Mwalimu", na nadhani kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo. Kazi ya kwanza waliyopewa ilikuwa nyepesi: taja wanafunzi wenye vipawa uliowahi kuwafundisha, eleza uliwatambuaje. Dada aliandika majina kumi na moja kabla chai yake haijapoa. Karatasi ilirudi na sentensi moja chini yake kwa wino wa kijani: "Mama, hawa ndio waliokupendeza. Waliokusumbua wako wapi?"

"Katoto kale!" alisema, akaitupa karatasi mezani. "Kalikuwa hakajazaliwa mimi nashika chaki."

"Umri una uhusiano gani na swali?" nilimwuliza. "Mwamba ngoma huvutia kwake, dada. Na wewe umevuta."

Hakucheka. Jumatatu yake aliomba ufunguo wa stoo ya shule, akaingia kutafuta daftari la adhabu.

Nililiona daftari hilo baadaye, kwa sababu alipewa ruhusa ya kuja nalo nyumbani. Ni zito, jalada jeusi limechanika pembeni, na kila ukurasa una mistari ya rula iliyogawa tarehe, jina, kosa, adhabu na sahihi ya mwalimu. Makosa mengi ni yale ya kila shule: kuchelewa, kupigana, kuiba kalamu. Lakini katikati yake mlikuwa na makosa ya namna nyingine. "Anajibu kabla swali halijaisha. Viboko viwili." "Amepata jibu kwa njia isiyofundishwa na kukataa ya ubaoni. Kupiga magoti kipindi kizima." "Anauliza maswali ya kupoteza muda." "Amemaliza kazi yake na kuwafanyia wenzake." Dada aliweka pembeni ya daftari karatasi moja ya chuo inayotaja dalili za mtoto mwenye kipawa. Nilizisoma zote mbili. Ilikuwa orodha ileile imeandikwa na watu wawili, mmoja anasifu na mwingine anashtaki. Na sahihi ya anayeshtaki, mara nyingi kuliko ya mwalimu mwingine yeyote, ilikuwa ya dada yangu.

Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la sita aliyeandikwa mara tisa katika mwaka mmoja. Baada ya mara ya tisa jina lake halipo tena, si katika daftari hilo wala katika rejista ya darasa.

Basi hiyo ndiyo ikawa tasnifu yake: kwamba shule iwatafute wenye vipawa kwanza miongoni mwa walioadhibiwa. Mhadhiri alifurahi. Mwalimu mkuu hakufurahi, ila alikubali, kwa sharti kwamba asitajwe mtu yeyote. Hata taratibu za chuo zilitaka hivyo. Yule msichana akawa Mwanafunzi wa Tatu, na aliyemwadhibu akawa Mwalimu A. Ila kwa kuwa habari zake zingeelezwa kwa urefu, ilibidi mwenyewe asaini fomu ya ridhaa. Bila sahihi yake, sura ya nne yote ilikuwa inaanguka, na tasnifu pamoja nayo.

Tulimpata katika karakana ya kushona sare za shule. Niliongozana na dada kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumvimba na hakutaka kupanda ngazi peke yake. Karakana iko ghorofa ya pili: mashine kumi na mbili zinanguruma, nyuzi zimejaa sakafuni, na mwisho wa chumba kuna meza ndefu kama kitanda cha watu sita. Hapo alisimama fundi mkataji, mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, akipanga karatasi za vipimo juu ya kitambaa. Aliisogeza moja, akaigeuza nyingine juu chini, akaingiza kipande cha mfuko mahali ambapo mimi niliona hakuna nafasi.

"Wengine kwenye kitambaa hiki wanatoa sketi arobaini," mshonaji mmoja alitunong'oneza. "Huyu anatoa arobaini na tatu. Tajiri hataki hata augue."

Fundi aliinua kichwa. Alimtambua dada papo hapo.

"Kimya," alisema. Kisha akajirekebisha: "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Dada alieleza alichokuja nacho, akampa sura ya nne aisome. Aliisoma amesimama, chaki ya fundi ingali mkononi. Alisoma haraka mno, nikadhani anaruka kurasa.

"Huyu Mwalimu A ni nani?"

"Ndiyo taratibu ya chuo," dada alisema. "Hatutaji watu."

"Mimi nimeuliza ni nani."

Mashine ziliendelea kunguruma.

"Mimi nifiche, Mwalimu, sina neno. Mwanafunzi wa Tatu, wa Nne, niite unavyotaka. Lakini wewe ndiye ulinipiga. Hapa mtu akisoma ataona ni mwalimu fulani tu, na wewe ni mtafiti mwenye huruma uliyenigundua." Aliirudisha karatasi. "Andika ni wewe, nami nitatia sahihi. Usipoandika, nenda salama."

Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa na hasira, na nakiri nilikuwa upande wa dada dhidi ya yule fundi. Ilikuwa imebaki mihula michache tu astaafu kwa heshima. Mwalimu mkuu alishamwambia: ukijitaja wewe umeitaja shule, usitarajie sherehe ya kuagwa. Wazazi waliomsifu wangesema nini? Sisi ni watu wa sala, kila asubuhi tunasali pamoja kabla ya kutoka, na asubuhi iliyofuata tulipomaliza nilimshika mkono.

"Dada, muungamie Mungu. Yeye anatosha. Kuandika kitabuni ni kujivua nguo mbele za watu."

"Mungu nimeshamwambia," alisema. "Lakini Mungu sikumpiga viboko. Nilimpiga yule."

"Watakucheka."

"Maji nimeshayavulia nguo, mdogo wangu. Acha niyaoge."

Aliomba chuoni kibali cha kujitaja, akakipata baada ya barua tatu. Kisha akaketi na kuiandika sura upya. Palipokuwa na "Mwalimu A alimwadhibu" akaandika "nilimwadhibu". Ilionekana kazi ya siku moja, ikamchukua majuma matano. Akishaandika "nilimwadhibu", alisema, sentensi inayofuata ya zamani haikubali tena kukaa hapo. Inabidi useme kwa nini. Sababu aliyoiandika ni kwamba mtoto yule alimwonyesha mbele ya darasa kwamba kuna njia fupi, na yeye mwalimu hakuijua.

Fundi alisoma, akatia sahihi. Hakumwambia dada amemsamehe wala dada hakumwuliza.

Dada alitetea tasnifu yake amekaa, kwa ruhusa ya jopo, kwa sababu ya miguu. Profesa mmoja alimwuliza haoni kwamba amechafua utafiti kwa kujiingiza ndani yake. Alijibu kwamba ndani alikuwamo tangu mwanzo, alichofanya ni kuwasha taa. Walimpitisha na masahihisho madogo. Mwalimu mkuu alishikilia neno lake, kwamba sherehe haitakuwapo. Wala dada hakuufikia muhula wa kustaafu. Moyo ulichoka, Mungu akamchukua mwezi mmoja kabla ya mahafali.

Nakala zenye jalada gumu zilipotoka, chuo kilituletea tatu. Fomu ya ridhaa ilisema mshiriki apewe moja. Niliibeba mwenyewe, nikapanda zile ngazi.

Fundi aliipokea. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia. Aliweka mkasi mezani.

"Lini?"

"Sasa ni miezi miwili."

"Na hamkunipa habari."

Nilikuwa nimeandaa jibu njiani: kwamba msiba ulituchanganya, kwamba watu walikuwa wengi, kwamba taarifa hazikuwafikia wote. Lilikuwa jibu zuri na hakuna ambaye angenilaumu. Nikaliona lilivyo, ni Mwalimu A mtupu.

"Namba yako nilikuwa nayo mimi," nilisema. "Sikukupigia. Niliogopa ungekuja, watu waulize wewe ni nani."

Alivuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu.

"Keti," alisema. "Nimalize kukata hizi, halafu unieleze alivyoondoka."