Marjani Alipokimbizwa Shoti

Siku yangu ya kwanza kazini farasi alinikanyaga mguu. Msimamizi wa Banda, mzee wa Mji wa Kale aliyekuwa amepandisha kanzu na kuifunga kiunoni, hakunipa pole. Alimsukuma farasi kwa bega, akanitazama, akasema, "Sasa amekujua. Na wewe mjue."

Nilikuwa msichana wa Kaloleni, na kazi niliyoijia ilikuwa ya saisi, yaani mtunza farasi. Karani wa mlangoni alikuwa amekwisha kunielekeza jikoni, akidhani natafuta upishi. Msimamizi alinipa brashi badala ya sufuria, na kwa hilo namwombea mema hadi leo.

Alinifunza miendo kabla ya kitu kingine. Matiti ni ule mwendo wa kudundadunda unaomtikisa mpandaji asiyezoea. Telki ni mwepesi na laini. Shoti ni farasi kutoa nguvu zake zote bila kubakisha. Akanifunza kutia lijamu, kile chuma cha kinywani, bila kugonga meno. "Mkono wako una haraka," aliniambia kila asubuhi. "Farasi huionja haraka hiyo kabla ya majani." Alisema kweli. Sijapata kuwa mtu wa kutulia. Hata nikila nilikuwa nasimama kwenda kutazama ndoo za maji.

Baadaye nilihamishiwa Shimanzi, kwenye ghala la majani makavu, chini ya Mkuu wa Ghala, bwana mmoja wa bara aliyeongea kwa sauti kubwa kwa sababu malori hayakumpa nafasi ya kuongea polepole. Huko nilijifunza kunusa ukungu ndani ya mtumba wa majani, maana majani yenye ukungu humletea farasi msokoto wa tumbo, na msokoto huua. Niliporudishwa bandani, upande wa Mbaraki, mzee wangu alikuwa karibu kustaafu. Alipoondoka, cheo chake cha Msimamizi nikapewa mimi.

Ndipo akaja Marjani, farasi jike mwekundu, mfupi, mpana wa mapaja. Mpandaji wake alikuwa Nuru, kijana wa Ganjoni aliyekuwa mwalimu wa shule siku za kazi. Wote wawili walikuwa hodari wa mbio za mapipa. Mapipa matatu hupangwa uwanjani kama mafiga, na farasi huyazunguka moja baada ya jingine, kisha hurudi alikoanzia. Asiyejua hudhani siri ni mbio. Siri ni kujizuia. Marjani alipokaribia pipa alijipunguza mwenyewe, akakaa juu ya miguu ya nyuma, akageuka kama anayekunja kona ya kichochoro, kisha akaruka mbele. Ilituchukua miaka mitatu kumfikisha hapo.

Siku moja Mwenye Banda alikuja na habari. Kulikuwa na mbio za mstari ulionyooka, shoti tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na alitaka Marjani aingie. Wageni waliolipa kuja kutazama na kupanda farasi walikuwa wakipungua, na alihofia banda litafungwa.

"Huyu ni farasi wa mapipa," nikamwambia.

"Ana miguu minne kama wengine, Bi. Dama."

Nuru naye alitaka. Nilimwona macho yake yanavyong'aa. "Mama Dama, maisha yake yote tunamzuia," alisema. "Hebu tumwachie mara moja."

Siku tatu sikukaa. Nilizunguka banda, nikamshika Marjani viungo vya miguu ya nyuma, ambavyo mapipa huvichosha kuliko viungo vingine, nikavikuta baridi na vizima. Nilipokosa sababu ya kukataa na kukosa moyo wa kukubali, nikaenda Mji wa Kale kwa mzee wangu. Nilimkuta barazani, amechukia kwa sababu kahawa imepoa.

"Wanijia nikukataze au nikuruhusu?" akauliza.

"Nimekuja kuuliza."

"Basi sikiza. Mbio moja haimvunji farasi mzima. Lakini akionja shoti, kichwa chake chabaki huko. Ukimrudisha kwenye mapipa mapema, hatajizuia. Mpe muda asahau. Mtembeze, mzungushe mapipa kwa mwendo wa mguu, wiki baada ya wiki. Kama hamtaweza kungoja, msimpeleke."

Nikarudi na sharti hilo. Mwenye Banda alilikubali mbele ya Nuru, tukapeana mikono.

Marjani alikimbia. Nimewaona farasi wengi, lakini sijaona furaha kama ile. Masikio yamelala nyuma, tumbo limekaribia ardhi, na alipopita alama ya mwisho, akiwa wa pili, hakutaka kusimama. Nuru alizunguka uwanja mzima kabla hajamtuliza. Wote wawili walirudi wanatetemeka, na mmoja wao anacheka.

Siku tisa baadaye Mwenye Banda alikuja na wageni waliosikia habari za Marjani. Walitaka kumwona kwenye mapipa.

"Tulipatana," nikasema.

"Mara moja tu. Wamesafiri kuja kwa ajili yake."

Nuru alinitazama, akiningojea mimi. Cheo kilikuwa changu. Neno moja lingetosha. Badala yake nilichukua tandiko, nikamtandika Marjani kwa mikono yangu, nikakaza mkanda wa tumbo.

Pipa la kwanza hakulipunguzia mwendo. Aligeuka kwa kuchelewa, miguu ya nyuma ikateleza, akaanguka ubavu, na mguu wa Nuru ulikuwa chini yake. Nilisikia mfupa ukivunjika. Marjani aliinuka akichechemea, akasimama pale pale ananusa nywele za Nuru.

Nuru alilazwa muda mrefu. Nilikwenda kila siku na uji ambao hakuupenda, na siku moja nikamwambia, "Nilijua, na nikanyamaza."

"Najua ulijua," akajibu. "Nami nilijua." Akaugeuza uso ukutani, akalia, nami nikalia.

Marjani hakushindana tena. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliutumia kumtembeza, mimi na yeye na mapipa matatu, hadi akaweza kubeba watoto wanaoanza. Banda halikufungwa. Mimi ndiye niliyeondoka.

Sasa naishi Buxton, na kustaafu hakujanituliza. Alfajiri huamka nikavaa viatu kabla sijakumbuka kuwa sina pa kwenda. Masaisi wachanga hunipigia simu kuuliza mambo ya kwato na kikohozi, nami huwajibu haraka. Swali moja tu hunikawiza: farasi wa mapipa, tumwingize kwenye shoti?

Mwezi uliopita Nuru alikuja mwenyewe, anachechemea kidogo akipanda ngazi. Ana farasi wake sasa. Akaniwekea mezani fomu ya mbio.

"Nimwingize, Mama Dama?"

"Mwingize," nikasema. "Lakini kwanza andika hapa nyuma, kwa wino, siku atakayorudi kwenye mapipa."

Akaandika. Nikahesabu kwa vidole. Wiki sita.

"Ongeza," nikamwambia.